Kukhu Anataka Kuona Mazishi ya Mwanawe

Mpendwa mshauri, naja kwako kuomba msaada nikiwa na hasira na hoja, kwa maana niliwahi kushawishi bweni zima chuoni ligome kwa sababu ya maharagwe mabichi, lakini nimeshindwa kumshawishi mtu mmoja nyumbani kwetu Kitengela, naye ni baba yangu mzazi. Mwaka huu wa 2008, baba mdogo Elphas alizikwa Bungoma wakati nyanya yangu, ambaye sisi Wabukusu humwita kukhu, amelazwa hospitalini Kajiado na nyonga iliyovunjika, kwa hivyo kukhu hakumzika mwanawe. Video ya mazishi imo kwenye kompyuta, na kompyuta imo chumbani mwa wazazi wangu kwa kuogopa wezi, na kwa mila zetu mama haingii chumba anacholala mwanawe na mkewe, hata nyumba ikiwaka moto.

Basi nikatoboa ukuta, nikapitisha waya kutoka kompyuta hadi mashine ya gemu ya dada yangu Shirleen, iliyounganishwa na runinga sebuleni, na kilichohifadhiwa kule kikaonekana huku! Kukhu, ambaye anauguzwa kwetu tangu atoke hospitalini, alitazama kwaya ya kanisa lake ikiimba, akacheka, halafu akauliza, "Na Elphas wangu, mmemweka humo pia?" Kabla sijabonyeza video ya mazishi, baba alizima kompyuta kule chumbani, akatoka.

"Wangila, mazishi si sinema."

"Huo ni udikteta, baba!"

"Basi gomea chakula, msomi."

Tangu hapo chumba kinafungwa, na kukhu anarudi Bungoma Jumatatu, kwenye nyumba isiyo na stima. Nimechongesha ufunguo wangu. Jumapili, baba akiwa kwenye kikao cha wazee wa kanisa, nitaiwasha video mbele ya kikundi chote cha maombi cha mtaa wetu, ili akirudi akute umma umeshaamua. Je, haki haiko upande wangu?

Wangila, Kitengela

Wangila, haki iko upande wa kukhu. Wewe umejipa cheo cha msemaji wake bila kupigiwa kura.

Nakupongeza kwa ule waya. Wengine wangemkaripia nyanya yao kwa mila zake; wewe uliileta picha mahali anapoweza kukaa kwa heshima. Lakini majirani ni wa nini? Unataka mama aone jeneza la mwanawe huku watu wakisubiri chai?

Na huyo dikteta wako: ni nani alisimama kaburini badala ya mama yake? Umewahi kumuuliza kama yeye mwenyewe ameweza kuitazama hiyo video? Hujauliza. Umehutubia tu.

Leo jioni mpe baba huo ufunguo mkononi na umwombe radhi kwa lile neno. Kisha ondoka, umwachie kukhu aombe mwenyewe. Kijana wa chuo hukataliwa kwa urahisi; mama anayeomba kumuaga mwanawe, sivyo. Baba akisitasita, na kama ana dada, wapigie simu wamsihi. Akikubali, awashe kompyuta yeye, aje aketi kando ya mama yake. Wewe jaribu waya mapema, acha video hiyo pekee ndiyo ionekane sebuleni, na umwonyeshe kukhu kitufe cha kusimamisha, akishike yeye. Na kama kukhu hutumia dawa za presha, Shirleen awe nazo karibu.

Na picha ikianza, Wangila, funga mdomo. Mwache mama azike.