Mke Wangu Alitangulia Njia Yote ya Dodoma

Dodoma, Alhamisi. Kiangazi.

Upepo wa leo unaingiza vumbi mpaka kwenye wino. Miguu imevimba, midomo imepasuka, lakini nacheka peke yangu kama mwehu. Tulifika jana, mimi na mke wangu Zaituni, siku ya saba tangu tutoke Kondoa.

Niandike ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu.

Kwa miaka miwili nimekuwa nikitunga hadithi ya kijana aitwaye Salehe, anayeondoka kwao kwenda kuliona gari la moshi. Haogopi kitu. Kila jioni nilimsomea Zaituni huku akipepeta mtama. Mimi mwenyewe, mwalimu wa watoto, sikuwahi kwenda mbali na Kondoa. Niliamini siku nikishika njia nitageuka kuwa Salehe.

Basi niliposikia stesheni ya Dodoma inataka karani, nikafunga mzigo. Zaituni naye akafunga wake, na kibuyu cha asali juu. Nikamwambia Salehe alikwenda peke yake.

"Alikwenda peke yake kwa sababu hukumpa mke," akasema, akatangulia.

Siku ya nne, karibu na Haneti, tulikuta tembo njiani. Salehe nilimwandikia simba watatu, akawafukuza kwa fimbo. Mimi nilitupa mzigo nikajikunyata nyuma ya kichaka, nikilia.

Nililia kweli.

Zaituni alinishika mkono, akanizungusha taratibu upande ambao upepo haukumpelekea tembo harufu yetu. Hakunicheka. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jioni ile Wagogo wa tembe moja walitupa maziwa na mahali pa kulala. Mama mwenye nyumba aliniuliza kazi yangu. Zaituni, anayejua Kigogo kwa kuuza asali, akamjibu kuwa mume wake ni msimulizi. Nikaanza kusimulia habari za Salehe, Zaituni akifasiri. Walisikiliza kwa adabu tu, na mzee mmoja akasinzia.

Sijui nini kilinipata. Nikamwacha Salehe, nikasimulia habari za mwalimu aliyelia kichakani. Walicheka mpaka mama yule akajifuta machozi, kisha akamwita jirani, akataka nianze upya. Nilianza upya mara tatu! Sikuona haya hata kidogo. Nilijiona, kwa mara ya kwanza, niko mahali pangu.

Leo asubuhi nimeliona gari la moshi. Ardhi ilitetemeka, nami nikamshika Zaituni bega. Stesheni wakanipima mwandiko, wakanikubali, wakaniambia nianze Jumamosi.

Nilipomweleza Zaituni, aliitazama reli. Kisha akauliza, "Utakaa hapa uandike mizigo ya watu wanaosafiri. Ndivyo unavyotaka, Mwalimu?"

Baba alitaka niwe mwalimu. Mimi nilitaka niwe Salehe. Swali hili sikuwahi kuulizwa na mtu.

"Nataka kwenda mbele," nikasema. Nikaogopa mara tu nilipokisikia kinywa changu.

"Hata mimi," akasema.

Ukarani nimeukataa. Asali imetupatia nauli ya Tabora, na kurasa za Salehe nimezifungia mkate wa njiani. Huko hatujui mtu. Nitasimulia, Zaituni atafasiri pale atakapoweza, na pale asipoweza tutajifunza.

Gari linaondoka alfajiri. Nitalala vipi mimi?