Mteremko wa Gatura

Thika, 27 Machi 2024

Mama mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Masikio yanaendeleaje, ile dawa imesaidia? Sisi ni wazima. Kwa vile simu huisikii vizuri, nimempa shemeji Mitchell barua hii akuletee Pasaka.

Jumamosi baada ya Pasaka, mimi na Trizah tutaendesha baiskeli hadi Ndakaini, huko milimani kwenye majani chai, turudi jioni. Jumapili tutakuja kwako. Usipike kitu kikubwa.

Mwanao,
Ndegwa


Gatongora, Ruiru, 1 Aprili 2024

Ndegwa mwanangu,

Barua nimepata. Mimi mzima, ni hili sikio la kushoto tu limekataa kabisa.

Mlima kwa baiskeli? Huyo mkeo ni binti yangu, namjua: hata ngazi za ploti tulikopanga alikuwa anapanda akilalamika. Usimkimbize. Akichoka, mrudi. Na nitapika kuku, usinipangie kwangu.

Mama


Gatongora, Ruiru, 16 Juni 2024

Ndegwa,

Habari yako. Sisi tuko.

Tangu tumzike Trizah sijakujibu salamu, na pale kaburini nilikupa mgongo watu wakaona. Sitajifanya sikufanya. Lakini silali. Kila mtu ameniambia kidogo kidogo: lori, mvua, mteremko. Wewe ndiye ulikuwa naye. Nieleze siku yote kuanzia asubuhi, usinifiche kitu. Na uniambie, mbona ulimpeleka kule? Nilikuambia usimkimbize.

Mama Trizah


Thika, 23 Juni 2024

Mama,

Natumai umeamka salama. Asante kwa kuniandikia.

Tulitoka mapema, kukiwa na baridi. Kufika Gatanga barabara ikaanza kupanda na haikuacha. Mimi ndiye nilichoka, Mama. Nilishuka nikasukuma. Trizah alikuwa mbele, akifika kona ananingoja: "Ndegwa, haki umezeeka!" Akina mama waliokuwa wakichuma majani chai walisimama wakampigia makofi. Ndakaini tulikaa juu ya bwawa tukala ngwaci, viazi vitamu vya kuchemsha, na chai ya chupa. Milima ya Nyandarua ilikuwa imejifunika mawingu. Pua yake ilikuwa imechomwa na jua na alikuwa anacheka tu. Akasema, "Mama hawezi kuamini."

Nilitaka turudi na njia ileile. Akasema twende hadi Gatura, hajashiba milima. Safari ilikuwa yake, Mama. Alifanya mazoezi tangu Krismasi, kila asubuhi kabla ya kazi. Aliniambia nikuandikie mimi, kana kwamba wazo ni langu, ili usimgombeze.

Tukiteremka kutoka Gatura, mvua ikaanza. Nilimwita apunguze, sijui kama alisikia. Lori la majani chai likatokea kwenye kona. Halikumgonga. Alilikwepa, tairi likateleza, akaanguka mtaroni kwenye mawe. Helmeti ilipasuka. Nilipomfikia alikuwa anaongea. Aliuliza kama baiskeli imeharibika. Nikamwambia iko sawa. Dereva alitubeba kwenye hilo lori, juu ya magunia, nimempakata. Alinyamaza kabla hatujafika hospitali.

Sikumkimbiza. Nilikuwa nyuma yake siku nzima.

Mwanao, kama bado unakubali,
Ndegwa


Gatongora, Ruiru, 18 Agosti 2024

Mwanangu,

Natumai u mzima. Nimekaa sana na barua yako, usidhani niliitupa.

Nimekuamini. Kutuma mtu mwingine ili nisimgombeze, huyo ni Trizah kabisa. Lakini sikujua mtoto wangu anaweza kupanda mlima. Hakuna mtu aliniambia walimpigia makofi.

Wacha nikwambie ukweli. Hii miezi yote nilikuwa na mtu wa kukasirikia, na hasira ndiyo ilikuwa inaniamsha, inanipeleka sokoni, inanipeleka kanisani. Sasa umeniondolea. Nimebaki na yeye tu, na yeye amekufa.

Mitchell anasema umekonda. Kula, Ndegwa. Anasema pia unataka kuja Jumapili. Usije bado. Si kwamba nakukataa. Ni vile mlizoea kuja wawili. Nikikuona hapo getini nitaangalia nyuma yako nione amebaki wapi.

Mama