Siku Baba Mkwe Aliponitaja Jina

Usoke, Tabora
Jumapili jioni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia kwa magoti yote mawili hata kama hunioni. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia imekusaidia, au umempa jirani kama kawaida yako? Na paa la jikoni, Kaka Yohana amelimaliza au bado anakuahidi? Sisi huku wazima. Tumbaku imeuzwa, kwa hiyo kila mtu hapa Usoke ana uso mzuri. Mjukuu wako Neema amekuwa mkubwa, anajua Kinyamwezi kuliko mimi, na mara nyingine yeye na bibi yake wananisengenya mbele yangu nami nacheka tu kama mjinga.

Nimeamua kukuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu ingekatika kabla sijafika kwenye utamu. Mwalimu mwenzangu anakuja Dar, ataifikisha barua hii hadi Kisarawe, na Yohana atakusomea. Mwambie asiruke mistari.

Mara ya mwisho tulipoongea uliniuliza, "Tumaini, huyo baba mkwe wako anakuchukia?" Nikakuuliza habari za kuku. Tangu niolewe, mzee yule hajawahi kunisemesha. Nikimwamkia napiga magoti kule mbali, naye anaitikia huku anatazama mti. Nikipita njia, yeye anapita shamba. Chakula nampa mama mkwe, mama mkwe ndiye anampelekea. Mume wangu Kulwa alinieleza siku ya kwanza kwamba kwao mkwe na mkwe huheshimiana hivyo, na jina la mkwe halitamkwi kabisa. Sawa, nimeolewa Unyamwezini, nitafuata ya Unyamwezini. Lakini mtu akikupa mgongo kila siku utajuaje kama ni heshima au hakutaki? Usiku nilikuwa nalia. Nilishaanza kumwambia Kulwa tuhame, tukapange nyumba mjini Tabora, niombe uhamisho wa shule. Alikuwa amekubali, ila alikuwa hajapata moyo wa kuwaambia wazazi.

Sasa sikiliza ya jana.

Kulwa aliazima Noah ya rafiki yake ili awatembeze wazazi wake kutwa nzima. Mpango ulikuwa mzuri kweli: asubuhi Kwihara, tuione ile nyumba ya kale ya wakati wa misafara, mchana boma la Wajerumani pale mjini, halafu tukale kuku kando ya bwawa la Igombe. Baba mkwe alikuwa anaitaka Kwihara tu. Babu yake alikuwa mpagazi, alibeba pembe za ndovu kutoka huko hadi Bagamoyo kwa miguu, na mzee hajawahi kupaona babu alipoanzia safari. Alivaa koti lake la kanisani, la Moravian, lile la Pasaka. Alikaa mbele na mwanawe. Mimi nikawekwa kiti cha nyuma kabisa na Neema, mama mkwe akakaa kiti cha kati, kati yangu na mzee, kama ukuta.

Tulipofika Ndono Kulwa akasimamisha gari kununua asali. Unamjua mkweo, anajisifu kwamba nyuki wa nchi hii wanamjua kwa ukoo. Muuza asali akamwambia, "Kaka, hiyo ndoo usiifunue, bado ina wenyewe." Akaifunua, akainamisha uso aonje. Mama, walimjua kweli! Walimuuma kwenye kope zote mbili na juu ya mdomo. Tulipomaliza kumng'oa miiba, jicho moja lilikuwa limefumba kabisa na la pili linachungulia.

Tukabaki kando ya lami tunatazamana. Baba mkwe hajui kuendesha, mama mkwe hajui, Kulwa haoni. Nikasema kwa sauti ndogo, "Mimi nina leseni." Hapo nilikukumbuka ulivyompigia kelele Yohana aliponifundisha kwa ile pikapu ya matofali, ukisema mtoto wa kike atalipata wapi gari. Nimelipata Ndono, mama.

Mzee akashuka kiti cha mbele, akaenda kukaa nyuma kabisa nilikokuwa mimi. Nikaona moyo wangu unashuka naye. Nikaendesha hadi mjini. Kwenye zahanati Kulwa akachomwa sindano, akaambiwa alale pale wamwangalie mpaka uvimbe upungue. Nikajua safari imekufa, turudi tukae tumsubiri. Boma nikalisahau, Igombe nikaisahau. Ndipo nikasikia kule nyuma, "Mama Kulwa, mwambie mkwe, kama hajachoka, twende Kwihara."

Mama mkwe akageuka, kana kwamba mimi niko mtaa wa pili, akasema, "Mama Neema, baba yako anasema, kama hujachoka, twende Kwihara."

Nikasema, "Mwambie baba sijachoka."

"Baba Kulwa, anasema hajachoka."

Na tulikuwa watu wanne ndani ya gari moja! Ndivyo tulivyokwenda. Mzee alikuwa ameelekezwa njia na watu wa kanisani, mimi siijui. Anasema, "Mwambie mkwe apinde kushoto kwenye ule mnazi." Mama mkwe anasema, "Mnazi upi?" Wanabishana kidogo kuhusu mnazi. Neno linanifikia, mnazi umeshapita. Nikageuza gari kwenye mchanga, Neema anacheka, vumbi linatuingia puani. Tukarudi, tukapita tena tukitokea upande wa pili, na mama mkwe akaniletea "kushoto" ileile ya mwanzo wakati sasa ni kulia. Nikaenda kushoto, tukaingia kwenye uwanja wa mtu anayeanika mihogo. Mwenye mihogo alituita majina ambayo siwezi kumpa Yohana ayasome.

Nikaenda mbele kutafuta pa kugeuzia, nikarudi nikielekea kama mara ya kwanza. Barabara imenyooka, jua kali, Neema amelala. Nikasikia kule nyuma, "Mama Kulwa. Mama Kulwa!" Nikatazama kwenye kioo: mama mkwe amelala fofofo, kichwa dirishani, mdomo wazi. Mnazi ule unakuja. Mzee anamgusa bega mkewe, hasikii. Mnazi uko hapa. Na mimi, mama, nilikuwa nimeuona, lakini nikasubiri niambiwe, maana nilishaogopa kukosea mara ya tatu.

"Tumaini! Kushoto! Hapo hapo!"

Nikakata usukani. Tukaingia njia yenyewe, gari likaruka tuta, mama mkwe akaamka, "Nani huyo ameita?" Mzee akageukia dirisha. Jina langu limetoka mdomoni mwa mzee yule kwa mara ya kwanza, na limetoka kwa kelele.

Kwihara ni pazuri, mama. Nyumba ya udongo mwekundu, kuta nene, baridi ndani hata jua likiwaka. Mzee alizunguka taratibu, akashika ukuta, akashika mlango, akavua kofia. Halafu akaketi barazani, akaita, "Mama Kulwa, njoo hapa. Na huyu naye aje."

Nikapiga magoti kule mbali.

"Sogea," akasema. Alinitazama usoni. "Mwiko nimeuvunja mimi mwenyewe, kwa hiyo nitautoa mimi. Tukifika nyumbani utachagua mbuzi jike, yule unayemtaka, awe wako, na jambo hili litakuwa limekwisha. Nimechoka!"

Mama mkwe akauliza amechoka nini.

"Nimechoka kunyamaza! Mwanangu ameniletea Mzaramo ndani ya nyumba yangu. Mtani wangu wa asili, wa kutukanana na kuzikana, tangu enzi za babu. Namwona anapika ugali laini kama uji wa mgonjwa, siwezi kumwambia kitu kwa sababu ni mkwe! Napita shamba nicheke peke yangu. Ningepasuka!"

Mama, nililia na kucheka palepale. Nilimjibu, "Baba, ugali wenu ni wa kujengea nyumba, si wa kula." Akajipiga mapajani kwa furaha, akasema, "Haya, umesikia? Kumbe ana mdomo!"

Wakati wa kurudi alikaa mbele. Akafungua dirisha. Tulimpitia Kulwa zahanati, akamwona baba yake kiti cha mbele kando yangu, akatuuliza kama ile sindano inaleta ndoto. Kuanzia pale mpaka Usoke mzee alinitukana bila kupumzika. Akasema babu yake alitembea miezi na pembe begani, akafika kwetu na kiu, tukamwonyesha bahari. "Leo nimemlipia babu," akasema. "Mzaramo amenibeba mimi, mzigo mzima." Kila kijiji alitaka nipunguze mwendo awapungie watu: "Huyu mkwe wangu! Mnamwona? Ananiendesha!" Nami nilipiga honi. Kulwa amelala nyuma na uso wake kama andazi, hakuna hata aliyemuuliza hali. Nilijiona malkia.

Hatuhami, mama. Leo asubuhi nimemwambia Kulwa, naye akapumua. Hilo ndilo jibu la swali lako.

Msalimie Kaka Yohana, mwalimu wangu wa udereva, na mkewe aliyenivalisha siku ya harusi. Msalimie mama mdogo anayeuza vitumbua, na mchungaji aliyenibatiza. Mama mkwe anakusalimu sana, anakutumia asali. Ile ya jana, wenyewe wameshaondoka.

Baba mkwe naye amesimama hapa mlangoni, ananiharakisha nimwandikie neno lake, nami nakuandikia kama alivyolisema: "Mwambie huyo mtani wangu asithubutu kufa kabla sijafika huko. Wakimzika bila mimi nitamfukua. Kumzika yeye ni kazi yangu."

Mwanao akupendaye, dereva,
Tumaini