Nani Anauza Kibanja cha Nyaishozi

Mtwara,
Jumatatu jioni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta umeketi, goti limetulia, na mvua inanyesha kiasi cha kuyatosha maharage bila kuyaozesha. Mimi mwili ni mzima. Moyo una hasira, lakini hasira hii hainilazi kitandani, kwa hiyo usianze kunitafutia dawa.

Najua umeshangaa kupata barua katika zama hizi za simu. Tangu sikio lako lianze kukusumbua, kila nikipiga unaweka spika, na kila ukiweka spika Baba mdogo Apolinari anapita uani, eti anatafuta mbuzi. Mtu huyu hajafuga mbuzi tangu nimjue. Ndiyo maana barua nimeikunja ndani ya kitenge, pamoja na korosho, na kifurushi nimekiandika jina lako wewe. Nenda Omurushaka ukakichukue kwenye basi kwa mkono wako. Usimtume mwanawe Projestus, hata akijitolea. Akijitolea ndiyo usimtume kabisa.

Sasa nikueleze jambo lilivyokuwa, maana mpaka leo umesikia upande mmoja tu, na upande huo una mdomo mpana.

Unakumbuka nilikwambia nataka kuuza kahawa yako huku kusini. Watu wa hapa ni wema, wana samaki na korosho, lakini kahawa wanayokunywa Mungu awasamehe. Kila ninayemwonjesha yako pale kazini, duka la dawa, anauliza nyingine iko wapi. Nikasema basi nitengeneze tovuti, yaani ukurasa wangu kwenye intaneti, mtu akiufungua aone kahawa, aone inakotoka, aone namba yangu anipigie. Nikajiandikisha darasa la jioni, ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi.

Mwalimu wetu ni kijana anayejiita mtaalamu. Debe tupu haliachi kuvuma, Mama. Anavaa miwani ya jua ndani ya chumba chenye taa moja. Ukimwuliza swali anasema, "Hiyo ni rahisi sana," halafu haelezi. Siku ya kwanza tovuti ilikuwa kama nyumba, siku ya pili ikawa kama gari, siku ya tatu ikawa kama mti wenye matawi. Nimekuja kugundua mwenyewe kwamba tovuti ni mafaili tu. Unayatengeneza kwenye kompyuta yako, unayaweka ndani ya folda, halafu folda unaipandisha kwenye kompyuta ya watu wengine ambayo haizimwi usiku wala mchana, na huko ndiko dunia inakoyasoma. Jambo la kueleza kabla chai haijapoa, yeye lilimchukua wiki nzima.

Wanafunzi tulikuwa watatu. Kulikuwa na mchungaji mmoja anayetafuta waumini wa mbali, ambaye alibofya kila kitufe kwa nguvu zote huku akikemea. Kulikuwa na mama mmoja muuza keki, ambaye picha zake zote alizipa jina moja, "keki", kila mpya ikaifuta ya zamani, akalia kwamba kompyuta inamlia keki zake. Mimi nilikaa pembeni nikiwadharau wote wawili na kujiona mjanja. Utaona ujanja wangu ulivyokuwa.

Kujenga ukurasa kuanzia mwanzo mtaalamu hakutufundisha. Nadhani hajui. Alitugawia ukurasa aliowahi kumtengenezea dalali wa viwanja, akasema tutoe picha za dalali tuweke zetu, tufute maneno ya dalali tuandike yetu. Nikaweka picha nilizopiga Krismasi: wewe ukianika kahawa, migomba ya nyuma ya nyumba, na ile ninayoipenda kuliko zote, kaburi la Baba likiwa limezungukwa na mibuni. Juu nikaandika "Kibanja chetu, Nyaishozi, Karagwe". Chini nikaweka namba yangu ya simu. Ila kila picha iliyoingia ilipigwa utepe mwekundu wenye neno INAUZWA. Ulikuwa utepe wa dalali, umejificha ndani ya ukurasa wake. Mchungaji naye alipigwa utepe, tena shingoni. Keki peke yake ndizo zilizostahili neno lile. Nilipomwuliza mtaalamu utepe unaondokaje, akasema, "Hiyo ni rahisi sana, tutafika somo la nne." Siku ya somo la nne alikwenda harusini.

Sikumngoja. Niliipandisha folda mwenyewe, nikafungua simu, nikakuona wewe na ungo wako. Mama, nilipiga kigelegele peke yangu chumbani. Nilifurahi kuliko siku niliyopata kazi. Kwa furaha ile utepe niliuona kama uchafu mdogo ambao ningeufagia kesho yake, na palepale nikautuma ukurasa kwenye kundi la ukoo ili na wao wafurahi.

Mtu wa Mtwara angeona neno lile angeuliza bei, akaendelea na safari yake. Kwetu kibanja, shamba la nyumbani lenye migomba na makaburi, hakiendi kwa mtu wa nje, na anayekiuza ameuza waliolala ndani yake. Nalijua hilo tangu sijajua kusoma. Na bado nikatuma, kaburi la baba yangu likiwa na INAUZWA juu yake.

Wa kwanza kuona alikuwa Projestus, anayeshinda kwenye steshenari yake pale Omurushaka akitoa kopi za vyeti vya watu. Ndugu wa kweli angenipigia kuniuliza. Yeye alichapisha. Tena kwa rangi, ili wekundu uonekane. Akampelekea baba yake, na baba yake ameizungusha karatasi ile kwenye kila kilabu cha pombe ya rubisi kati ya hapo na Omurushaka. Jioni ile ile akanipigia.

"Adventina! Umeuza kaburi la kaka yangu!"

"Shikamoo, Baba mdogo. Sijauza kitu. Ni makosa ya kompyuta."

"Kompyuta ina kibanja Nyaishozi?"

"Haina."

"Basi lifute neno hilo sasa hivi."

Nikalifuta. Nilikaa na mafaili yale mpaka nikaupata mstari wenye utepe, nikaukata, nikatazama ukurasa kwenye kompyuta yangu, ukawa safi. Nikampigia kwa kujidai kwamba limetoka. Akamwita Projestus atazame. "Lipo," akasema Projestus. Nikasema limetoka. "Lipo, dada, tena linawaka." Tulibishana hivyo siku mbili, mimi naapa kwa Mungu na wao wanaapa kwa Mungu, na wote tulisema kweli. Faili nililisafisha kwenye kompyuta yangu, lakini sikulipandisha upya. Dunia ilikuwa bado inasoma lile la zamani. Mtaalamu aliporudi kutoka harusini akaniambia, "Umefagia chumbani, dada, barazani hujafagia." Ni neno pekee la maana nililowahi kulisikia kinywani mwake. Lakini lilikuja ukoo ukiwa umeshakata shauri kwamba Adventina ni mwizi, na juu ya wizi ni mwongo.

Sasa hapa ndipo hasira yangu ilipo. Kwenye matanga ya Baba, Apolinari huyu huyu alisimama mbele ya watu akasema binti hana kibanja, binti ni mgeni anayesubiri kuolewa. Wazee wakaitikia, wewe ukainamisha kichwa. Leo mgeni yule ameuza kibanja kizima akiwa Mtwara? Kama sina changu pale, nakiuzaje? Na kama ninaweza kukiuza, basi ni changu. Achague moja. Hawezi kuchagua, kwa sababu hatafuti hoja, anatafuta kibanja.

Ameitisha kikao cha ukoo Jumapili hii baada ya misa, tena nyumbani kwako, ili mdomo wake ulishwe na jiko lako. Eti kibanja kiwekwe chini ya mkono wake kwa usalama, nawe uhamie Rugera kwa kaka yako ukapumzike. Amekwambia kwa sauti ya upole na wewe ukamshukuru! Uliponiambia kwenye simu kwamba labda ni heri uondoke usije ukagombanisha ukoo, nilikaa sakafuni pale dukani, wateja wakinitazama. Migomba ile umeipalilia tangu ulipoletwa ukiwa bibi harusi. Nataka uzeekee hapo, Mama, na siku yako ikifika ulale kando ya Baba. Siogopi kuitwa mwizi. Ninaogopa kukuona kwenye chumba cha uani cha Rugera, umekaa juu ya sanduku lako.

Ijumaa, nikiwa najiandaa kupandisha faili safi, nilipigiwa simu na namba nisiyoijua. Sauti ya mtu mzima aliyezoea kubishana.

"Wewe ndiye Adventina wa Nyaishozi?"

"Ndiye."

"Mbona mnanichanganya? Kibanja kile kile mnakitangazia watu wote?"

Nikanyamaza. Kazi ya duka la dawa imenifundisha kwamba mtu ukimnyamazia anaendelea kueleza.

"Mzee Apolinari alishanizungusha mipaka yote, mlamula mmoja wa mpakani hadi mwingine, siku mama yenu alipokwenda kuzika Rugera. Akasema mama anahama karibuni, nivute subira. Sasa naonyeshwa picha kwenye simu za watu, na namba si ya mzee. Nani ananidanganya hapa, wewe au yeye?"

Ni mfanyabiashara wa mazao wa pale Omurushaka. Anataka kujenga ghala, kwa kuwa kibanja kimekaa karibu na barabara. Nikamwuliza na makaburi itakuwaje. Akasema, bila ubaya wowote, kwamba mzee amemhakikishia yatahamishwa, ni ya zamani. Mama, Baba hajatimiza miaka mitatu humo kaburini. Nililia, nikamwomba asubiri kidogo, nikalia tena.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mwizi amepiga yowe la mwizi kwa nguvu kuliko kijiji kizima, na mimi na utepe wangu wa kijinga ndio tuliompa sababu ya kupiga yowe. Lakini ujinga ule ule ndio uliomfanya mnunuzi wake anipigie mimi.

Nikamwambia mfanyabiashara hivi: "Mimi sijakudanganya. Mambo ya kibanja yanasemwa na ukoo wote. Ukoo unakaa Jumapili saa nane, palepale nyumbani. Njoo." Akauliza kama aje na mtu wa kupima. Nikamwambia aje naye. Hakuna neno la uongo nililomwambia, pima mwenyewe.

Kwa hiyo utepe sijauondoa. Faili safi liko tayari, na safari hii najua linavyopandishwa. Lakini utepe ukitoka leo, mtu yule atampigia Baba mdogo kuuliza kulikoni, na Baba mdogo atampanga. Utakaa mpaka Jumapili jioni. Najua unakuchoma kama unavyonichoma mimi. Baba atanisamehe.

Wewe usimwambie mtu, hata padri. Jumapili vaa kitenge hiki. Pika ndizi na maharage kama kawaida, wasipate la kusema. Mgeni akifika mpe kiti, na kiti hicho kiwe jirani na cha Baba mdogo. Mkuu wa ukoo afungue kwa sala. Baba mdogo akianza kukunjua karatasi yake ya rangi, wewe omba ruhusa, mgeukie mgeni, umwulize kwa heshima kama anavyoulizwa mgeni yeyote kwetu: "Karibu baba, umetuletea habari gani?" Hakuna mzee atakayekukataza. Naye atajibu, maana ni mtu wa kusema. Usiongeze neno. Chukua kikapu cha kahawa ya kutafuna, uanze kumpitishia Baba mdogo, kwa kuwa mdomo wake utakuwa wazi.

Nisalimie jirani yetu Verdiana, mama yangu wa ubatizo, umwambie akae karibu nawe siku hiyo. Nisalimie Mjomba wa Rugera, umshukuru kwa kile chumba, na umwambie aweke maharage humo, wewe huhami. Hata Projestus msalimie, umwambie asimalize wino wa rangi.

Ni mimi binti yako, mwenye kibanja kwa ushahidi wa Baba mdogo mwenyewe,

Adventina