Ruhusa ya Kipande cha Cécilia

Kasongo, 14 Machi

Mudogo wangu Blaise,

Tuko wazima. Karanga tumevuna, na njia ya Kabambare imeharibika tena.

Uliomba laboratware yenu, pale munapopima magonjwa, ibaki na kile kipande cha uvimbe walichotoa ku ubongo wa binti yangu Cécilia mbele ya kufariki huko Ubelgiji, mupime namna kemia ilivyobadilika juu ya ADN yake, ile DNA inayobeba urithi wa mwili. Baba yake alikataa: "Mutoto wangu amezikwa mbali, na bado munamugawa?"

Nikamwambia: "Sasa hivi iko mutoto mwingine anaanza kuona vitu viwili-viwili, kama yeye alivyoanza. Kipande hiki kinaweza kusaidia kumutibu." Alilia sana, halafu akatia sahihi. Karatasi iko humu.

Najua kwenye chupa mutaandika namba. Lakini wewe mjomba wake, ukishika kile kipande, umwite Cécilia kwa jina.

Dada yako,
Emilienne