Papa, Aliye Kwenye Picha Ni Mimi

Papa mpendwa,

Studio yako bado imesimama. Ziwa lilipopanda liliingia humo mpaka madirishani, na liliporudi nyuma liliacha mchanga, magugu na harufu ya samaki. Mlango haupo, bati zimechukuliwa. Lakini zile ngazi ulizochora ukutani, ili wateja waonekane kama wanapanda ghorofani, zipo kuanzia ya nne. Tatu za chini zilifutwa na maji.

Unakumbuka nilivyokuwa nikitoka shule na kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kitabu magotini? Nilikuwa najifanya nasoma, kumbe nasikiliza unavyowasumbua watu. "Nyanyua kidevu, mama. Hapana, sasa unafanana muntu mwenye anasikia harufu mubaya." Siku moja mama mmoja muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, alikujibu: "Na weye, nani anakupigaka foto? Ao unajua sura yako iko mubaya?" Ulicheka mpaka ukaweka mashine ya picha chini. "Minye niko nyuma ya mashine," ulisema. "Kila muntu na nafasi yake."

Ulipokufa, tulipekua masanduku yako yote mawili. Tulikuta picha za harusi, komunyo, vitambulisho, watoto wa watu. Wewe hukuwemo. Kadi yako ya uchaguzi ilikuwa imelowa siku maji yalipoingia, na pale penye uso palibaki doa jeusi. Tulikuzika bila picha. Mdogo wangu Amani alikuwa na miaka miwili, amelala mgongoni kwa Mama.

Miezi mingi baadaye, katika biblioteki ya parokia, nilipata kitabu cha Kifaransa kuhusu watu wanaojipiga picha wenyewe ndani ya nyumba zilizoachwa. Hawajipigi ili waonekane wazuri. Wanautumia mwili wao kuonyesha kitu ambacho hakipo. Sikuhitaji kufikiri sana kujua kwangu ni nini kisichopo.

Nilichukua koti lako la kahawia, kofia yako, na simu ya Mama. Niliiegemeza simu kwenye tofali, nikaiwekea sekunde kumi, nikakimbia kusimama mbele ya ngazi. Picha za kwanza zilinionyesha mimi tu, mtoto wa shule ndani ya koti kubwa. Kisha nikakumbuka ulivyokuwa ukishusha bega la kushoto kwa sababu ya mkanda wa mashine. Nikalishusha. Simu ilipopiga picha nilikuwa nageuza kichwa, kwa hiyo uso ukatoka kama moshi.

Nilipoiangalia, nilitoka nje nikasimama juani. Kofia ilikuwa imeanguka ndani, na sikuthubutu kurudi kuichukua mpaka kivuli cha ukuta kiliponifikia. Ulikuwa wewe, Papa. Umesimama pale ambapo hukusimama hata siku moja.

Nilitaka kuificha, lakini simu ni ya Mama. Aliiona jioni ile ile, akakaa chini polepole.

"Hii foto ulitoa wapi?"

Unanijua. Maneno yangu huchelewa. Na kabla hayajafika, Mama alikuwa ameshaanza kulia na kucheka pamoja. "Njo yeye, ni yeye. Angalia bega. Njo vile alikuwa anasimamaka." Akamwita Amani, akamwonyesha kwa kidole: "Huyu ni papa yako." Amani akabusu kioo cha simu.

Ningeweza kusema wakati ule. Sikusema. Kesho yake picha ilikwenda kuchapishwa, kubwa, na kutiwa fremu kwa ajili ya siku ya kuondoa matanga, mwaka mmoja tangu ufe. Kwa majuma mawili Amani alifundishwa picha ile asubuhi na jioni. Anasema vizuri: papa, koti ya papa, kofia ya papa. Mimi nilikuwa nashindwa kula mbele ya fremu ile. Sisi wakubwa tutakukumbuka hata bila picha, lakini yeye hana kitu kingine. Akikua, atakapofumba macho kukutafuta, atanikuta mimi.

Siku mbili kabla ya matanga nilimwambia Mama. Alikuwa anachambua maharagwe. Hakunipiga, hakupaza sauti. Alikwenda kuleta fremu, akaitazama muda mrefu, kisha akanitazama mimi, kisha tena fremu.

"Basi minye," alisema, "mwaka moya tu, nimeshamusahau."

Papa, nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo.

Siku ya matanga meza ilikuwa na kitambaa cheupe na maua. Mama aliwaambia watu kwamba picha imeharibika. Fremu aliifungia kwenye valizi yake ya nguo, chini ya vitenge. Wageni waliposali na kula, Amani alizunguka akimvuta kila mmoja nguo.

"Papa iko wapi?"

"Iko kwa Mungu, mutoto yangu," alisema mjomba.

"Hapana. Iko mu valizi."

Watu walicheka. Mama aliingia ndani, na alikaa huko mpaka wa mwisho alipoaga.

Nimeifuta kwenye simu. Ya kwenye fremu Mama hajaamua, nami sina haki ya kumharakisha. Najaribu kumweleza Amani ulivyokuwa: sauti yako, mikono yako yenye harufu ya dawa za picha, ulivyokuwa ukimrusha juu. Ananisikiliza kwa adabu, kisha ananiangalia usoni kama anatafuta mahali pa kuyaweka maneno hayo.

Nakuandikia haya kwa sababu ya jana. Nilikuwa nyuma ya nyumba, nimeinama, naosha sahani. Jua lilikuwa kali na sikuvaa kitu chako chochote. Amani alisimama mlangoni akaita, "Papa."

Niliitika.

Pumzika, Papa. Ukiweza, mjie Amani katika usingizi, mara moja tu, na uso wako mwenyewe.

Binti yako wa kwanza