Baba Yako Anasema Yeye Si Mgonjwa

Sacaton, Arizona
7 Julai 2014

Mpendwa mwanangu Renelda,

Salamu nyingi za shangazi yako zikufikie huko Minneapolis kusiko na joto kama letu. Hujambo? Mumeo Travis hajambo? Na huyo wa tumboni, anapiga mateke au katulia? Sisi huku tu wazima, ila joto la mwaka huu limeamua kutukomoa. Mawingu yanajikusanya kila alasiri, yanatuchungulia, kisha yanakwenda zake. Ningekupigia simu, lakini baba yako anashinda jikoni kwangu na masikio yake ni mazima kabisa, kwa hiyo nimeona niandike.

Mavuno ya matunda ya mpungate, mti wetu wa miiba wa jangwani, yamekwisha. Tumechemsha asali yake juzi, nyeusi, nzito, tamu ya kukufanya ufumbe macho. Baba yako alikoroga sufuria kutwa nzima na hakulamba hata ncha ya kijiko. Clement huyu huyu!

Ni hivi. Mwezi wa tatu alikuja binti mmoja kutoka mjini kutufundisha ukumbini habari za sukari. Binti mzuri, ana heshima. Akasema sukari si kama kifua kikuu, haiambukizi, inatokana na mtindo wa maisha, na mtu akibadili maisha yake ataishinda. Sisi wengine tulipiga makofi tukaenda kula. Baba yako aliyapokea kama askari aliyepewa amri. Soda zote akazimwaga, mikate yangu ya kukaanga akawapa mbwa (mbwa wangu!), akaanza kutembea kila asubuhi kwenye mchanga wa mto mkavu. Na kweli sukari ilishuka. Akaniambia, "Unaona? Nilikuwa mvivu tu." Basi na vidonge akaviacha, eti ni vya wagonjwa.

Unajua miguu yake ina ganzi siku nyingi. Mwezi uliopita alivua buti mlangoni kwangu, nikaona soksi imelowa damu. Mwiba wa mpungate ulikuwa umepenya soli, umezama kwenye kidole gumba, naye ametembea nao sijui siku ngapi. Nilipiga yowe mpaka mbwa wakakimbia. Yeye ananiuliza, "Kwani kuna nini?"

Daktari anasema kidole kimeoza, kikatwe Alhamisi ya tarehe 17, la sivyo mguu wote utafuata. Baba yako amekataa katakata. Maneno yake haya: "Verlene dada yangu, mimi si mgonjwa. Mimi nilikuwa mzembe, na uzembe hautibiwi kwa kisu. Nitaongeza kutembea." Aongeze kutembea! Nilikuwa na mwiko mkononi, Mungu aliushika tu.

Tangu hapo swali hili linaniwasha. Sukari ni ugonjwa, au ni namna tunavyoishi? Namwuliza kila mtu, hata mhudumu wa kituo cha mafuta, naye maskini akasema yeye anauza petroli tu.

Nilimwuliza pia jirani yangu Felicita, yule ambaye sukari imemharibu figo, anayekwenda kwenye mashine ya kusafisha damu. Akanikumbusha wazee wa kabila letu, wenyeji wa nchi hii kabla ya wazungu, walivyoyagawa magonjwa: kuna yanayotembea, yanayompata mtu yeyote, na kuna yanayokaa, ya kwetu sisi tu, yanayotushika tukivunjia heshima kitu chenye nguvu. Nikamwambia, haya, sukari ni ipi? Mbona wazungu nao wanayo? Akacheka, "Hii inatembea, shoga, ila ikifika kwetu inakaa."

Kisha akaacha kucheka. Akasema bibi yake alilima ngano na maharage kwa maji ya mto, halafu wazungu wa huko juu ya mto wakayageuza maji kwenda mashambani kwao, mto ukabaki mchanga, serikali ikaleta magunia ya unga mweupe na mafuta ya nguruwe. "Sasa niambie, mzembe hapo alikuwa nani?" Lakini na yeye alipomaliza kusema hayo, alifungua soda kubwa akaigugumia yote, kwa sababu eti ugonjwa ni ugonjwa, umeshapangwa.

Ndipo nikashangaa zaidi, mwanangu. Felicita anasema ni ugonjwa, kwa hiyo amejiachia. Ndugu yangu anasema si ugonjwa, kwa hiyo amejikaza. Na wote wawili naona wanaelekea kulekule. Mimi niko katikati na unga mikononi, nakaanga mikate ya sherehe za watu, najiuliza na mimi nahesabiwa upande gani. Pengine ni ugonjwa unaoingilia mlango wa jikoni, lakini mlango wenyewe hatukuujenga sisi. Sijui. Ukipata mtu anayejua huko, niulizie.

Sasa nije kwa yale uliyoniandikia. Nimesikitika sana kwamba wamekukuta na sukari katika mimba hii, wewe usiyegusa soda tangu shule, unayekimbia hata kwenye theluji. Unasema unalia bafuni na unaniomba nisimwambie baba yako, asije akakuonea haya. Sijamwambia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nina wawili, mmoja anayaficha na mwingine anayakana.

Jumatano ya tarehe 16 jioni baba yako atakuwa mezani kwangu. Piga simu, mwambie mwenyewe, kwa kinywa chako. Kisha mwulize kama na wewe ni mzembe. Usiongeze neno, mwache ajibu. Akiweza kukuita hivyo wewe na mjukuu wake, basi Alhamisi na akae nyumbani. Mimi namjua ndugu yangu tangu tukilala kitanda kimoja: hataweza.

Nisalimie sana Travis na mama mkwe wako Bi Ardis. Felicita anakusalimu, na kaka yako Leland pia. Mungu akujalie ujifungue salama, na atuletee mvua sisi wa huku.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye na nitakayekaa karibu na simu,
Verlene